Kilo Hizo Tumezipata Wapi? Mhadhara kuhusu mawe yanayougonga Mwezi na asteroidi

Mabibi na mabwana, wanafunzi na wataalamu wenzangu,

Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilizungumzia jambo hili, kwa hiyo sitawachosha na historia ya namna wanasayansi walivyofikia kukubali kwamba kasoko za Mwezi, yaani yale mashimo ya duara usoni mwake, kwa sehemu kubwa mno, zilichimbwa na migongano wala si volkano. Naanza na swali ambalo kwa maoni yangu linakwepwa mno. Tunapouona mmweko katika upande wa giza wa Mwezi, kisha tukatangaza kwamba umesababishwa na jiwe la kilo kadhaa, kilo hizo tumezipata wapi?

Mmweko wenyewe hauna ubishi tena. Novemba 1999, wakati wa mvua ya vimondo ya Leonidi, watazamaji waliokuwa mahali tofauti walirekodi mimweko ileile kwa wakati mmoja, na tangu hapo kazi imeendelea katika Kituo cha Marshall cha NASA, katika mradi wa MIDAS nchini Uhispania, na katika mradi wa NELIOTA nchini Ugiriki, ambao tangu 2017 umetumia darubini yenye kioo cha meta 1.2 huko Kryoneri kupiga picha katika rangi mbili kwa mpigo mmoja, ili joto la mmweko lipimwe badala ya kukisiwa. Joto hilo huwa aghalabu la kelvini elfu kadhaa, yaani maelfu ya digrii, na mmweko wa kawaida hauchukui hata sekunde moja kamili.

Najua kuna atakayeuliza moto unawakaje mahali pasipo na hewa. Hauwaki. Hakuna kitu kinachoungua pale. Jiwe linalokwenda makumi ya kilometa kwa sekunde husimamishwa ghafla na ardhi, nishati yake ya mwendo hugeuka joto, jiwe na udongo huyeyuka na sehemu yake huwa mvuke, na vitu hivyo vyenye joto kali ndivyo vinavyotoa mwanga tunaouona. Duniani jiwe hilohilo lingeanza kuteketea likiwa bado juu angani, na ndiyo maana Mwezi, usio na angahewa ya kuukinga, ni mahali pazuri pa kupimia mawe ambayo hayafiki kwetu yakiwa mazima. Tena kamera moja ya vimondo huona kipande kidogo tu cha anga letu, ilhali darubini moja inayoelekezwa Mwezini hulinda mamilioni ya kilometa za mraba kwa pamoja, na mawe ya kilo nyingi, ambayo ni adimu, yanahitaji eneo la ukubwa huo.

Sasa turudi kwenye kilo. Kinachoingia katika darubini ni mwanga, na mwanga ni sehemu ndogo sana ya nishati nzima ya mgongano. Sehemu hiyo ni ndogo kiasi gani? Katika tafiti zilizochapishwa zimetumika thamani kuanzia 0.0005 hadi 0.005, yaani kutoka nusu ya sehemu moja hadi sehemu tano katika kila elfu. Tazameni pengo hilo. Mtafiti mmoja akichagua thamani ya chini na mwenzake akachagua ya juu, watauangalia mmweko uleule, kwa kipimo kilekile cha mwangaza, na kupata mawe mawili ambayo moja lina tungamo, yaani kilo, mara kumi ya jingine. Bado hatujagusa kasi, nayo huingia katika hesabu ikiwa imezidishwa kwa yenyewe. Jiwe la Leonidi hufika kwa takriban kilometa 71 kwa sekunde na la Geminidi, mvua nyingine ya vimondo, kwa takriban 35, kwa hiyo kwa tungamo lilelile la kwanza lina nishati mara nne ya la pili, na jiwe lisilo la mvua yoyote inayojulikana hupewa kasi ya wastani tu, kwa sababu hakuna aliyeipima.

Chukueni tukio la tarehe 11 Septemba 2013 katika Mare Nubium, mojawapo ya tambarare za giza za Mwezi, lililorekodiwa Uhispania, ambalo mwanga wake ulionekana kwa takriban sekunde nane. Habari ilipotolewa, jiwe lilikadiriwa kuwa na kilo 400 hivi, na upana wa kati ya meta 0.6 na 1.4. Magazeti yalichukua zile kilo 400 na kuuacha upana. Mwenye kalamu na afanye hesabu: kwa mawe mawili ya msongamano mmoja, upana wa meta 1.4 badala ya 0.6 unamaanisha tungamo kubwa zaidi ya mara kumi na mbili. Watafiti walisema wazi kwamba hawajui, na sisi wasomaji ndio tuliogeuza kukadiria kwao kuwa kujua. Jambo hili linaniudhi kila mara, kwa sababu kutoka katika makadirio ya namna hiyo hutungwa hesabu za mawe mangapi huupiga Mwezi kwa mwaka, na kutoka katika hesabu hizo mhandisi ataamua unene wa ukuta wa nyumba ambamo watu watalala huko Mwezini.

Wako wanaosema tupime maabara. Tumepima, na tuendelee, lakini mizinga ya maabara inayorusha vipande vidogo hufikia kilometa saba au nane hivi kwa sekunde, na sisi tunazungumzia ishirini, thelathini, hata sabini. Wengine husema tutafute kasoko yenyewe. Hao wananikaribia. Mmweko wa tarehe 17 Machi 2013 katika Mare Imbrium, tambarare nyingine ya Mwezi, uliohusishwa na jiwe la takriban kilo 40, ulifuatiliwa na Lunar Reconnaissance Orbiter, chombo cha NASA kinachouzunguka Mwezi, nacho kikaipata kasoko mpya yenye kipenyo cha takriban meta 18. Hilo ni tukio lenye thamani kuliko mimweko mingi isiyofuatiliwa. Hata hivyo kasoko pekee nayo haitoshi, maana ukubwa wake unategemea ardhi iliyopigwa. Tarehe 5 Aprili 2019 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilirusha kipande cha shaba cha kilo mbili kwa kilometa mbili kwa sekunde kwenye asteroidi Ryugu, na kasoko iliyotokea ilizidi meta kumi kwa upana, kwa kuwa uso wa Ryugu ni kifusi kisichoshikana na mvutano wake ni hafifu mno. Risasi hiyohiyo isingechimba shimo kama hilo Mwezini.

Kwa hiyo ninachodai, na ambacho nimekidai kwa miaka, ni kwamba tukio moja lipimwe kwa njia tatu: mwanga, kasoko na mtetemo. Vipimamtetemo vilivyoachwa Mwezini na wanaanga wa Apollo vilirekodi migongano ya mawe takriban 1,700 kabla ya kuzimwa Septemba 1977, na pia vilirekodi vipande vya roketi vilivyoangushwa kwa makusudi, vyenye tungamo na kasi inayojulikana, ingawa kasi hiyo ilikuwa ya kilometa mbili na nusu tu kwa sekunde. Tangu vilipozimwa hakuna mtandao wa namna hiyo uliowekwa Mwezini. Kwenye Mirihi, tarehe 24 Desemba 2021, InSight, chombo cha NASA kilichotua huko, ilisikia mtetemo na baadaye picha kutoka angani zikaonyesha kasoko ya takriban meta 150. Limewezekana huko, mbali kiasi hicho, na hapa jirani bado tunasubiri.

Muda umenibana, nami nilikusudia kusema mengi zaidi kuhusu asteroidi. Nitaje tu kwamba DART, chombo cha NASA, ilipoigonga kwa makusudi Dimorphos, asteroidi ndogo inayoizunguka kubwa zaidi iitwayo Didymos, tarehe 26 Septemba 2022, mzunguko wa Dimorphos wa saa 11 na dakika 55 ulipungua kwa zaidi ya nusu saa, na sehemu kubwa ya msukumo huo ilitokana na vifusi vilivyorushwa nyuma wala si chombo chenyewe. Hera, chombo cha Ulaya kilichorushwa Oktoba 2024, inakwenda kuutazama uso uliobaki na kulipima tungamo la Dimorphos. Vishimo vidogo juu ya miamba ya asteroidi Bennu, na wingu jembamba la vumbi ambalo LADEE, chombo cha NASA, ililikuta likiuzunguka Mwezi, tuviache kwa maswali.

Kwenu mnaomiliki darubini, hata ya kioo cha sentimeta 20 au 30: rekodini sehemu ya giza Mwezi unapokuwa mwembamba hadi nusu, mkiwa vituo viwili vilivyoachana kwa makumi ya kilometa, ili mng'ao wa setilaiti na mwale wa kosmiki, yaani chembe ya kasi kutoka anga za mbali inayoigonga kamera, visidhaniwe kuwa mgongano. Kila picha iwe na wakati sahihi hadi sehemu ya sekunde, na msifute rekodi ghafi baada ya kupata mmweko, kwa kuwa kasoko yake inaweza kupatikana miaka kadhaa baadaye, na anayeitafuta atauhitaji mwanga ule kama ulivyoingia katika kamera, pamoja na nyota mlizozitumia kuupima.