Saa nane mchana, mwezi wa likizo

(Mazungumzo na wazazi wa darasa la awali, Tanga, wiki ya kufunga shule)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi mliokuja na watoto mgongoni, poleni na jua.

Nimeombwa nizungumzie "malezi bora wakati wa likizo". Mada hiyo nimekaa nayo wiki nzima, nikaona nisiwadanganye. Nafundisha watoto wa miaka mitano, na nyumbani ninao wangu watatu. Desemba iliyopita nilijifungia bafuni, nikakaa juu ya ndoo niliyoipindua, nikala embe peke yangu. (Kicheko.) Dodo, tena limeiva vizuri. Wao wanagonga mlango, mimi namenya. Kwa hiyo mnayemsikiliza leo ni mgonjwa mwenzenu, si daktari.

Tuanze na hesabu, maana wengi tunadhani kasoro ni subira yetu. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Zilizobaki, 171, mtoto yuko mikononi mwako. Toa Jumamosi na Jumapili, toa na sikukuu, bado zinabaki wiki na wiki. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka, tena mfululizo, sikukuu zikiangukia humo zimo humo humo. Mama anayeuza samaki pale soko la Deep Sea hana hata hizo. Na dada wa kazi anaomba ruhusa lini? Desemba hiyo hiyo, na ana haki, naye ana mama yake Lushoto anamngoja. Sasa ukijikuta umefoka tarehe 15, usijiulize kama una roho mbaya. Kazi ya watu watatu umeachiwa peke yako.

Baada ya lile embe nilianza kuandika kwenye daftari. Kila nikimfokea mtoto, naandika ni saa ngapi. Si utafiti, ni daftari la mama tu, lina na madoa ya mafuta. Wiki mbili zilipopita nikalifungua. Asubuhi karibu hakuna kitu. Jioni moja moja. Makelele yangu karibu yote yalikuwa kati ya saa nane na saa kumi.

Nikafikiri, kwani saa nane kuna nini? Mnaijua. Kaskazi inavuma lakini inaleta joto, bati linalia juu, wali umeshaliwa. Mdogo ana usingizi lakini halali kwa sababu mkubwa halali. Umeme pengine umekatika. Na wewe hujakaa tangu alfajiri. Hapo ndipo mkono unapokwenda kwenye simu.

Nisemee simu kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto wasiofika miaka mitano. Wa miaka miwili hadi minne, skrini isizidi saa 1 kwa siku. Wote tumelishika hilo, na tunajilaumu nalo. Lakini mwongozo huo huo unasema mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji dakika 180 za kuchezesha mwili na saa 10 hadi 13 za usingizi, ule wa mchana ukiwemo. Ubaya wa simu ya saa nane ni kwamba inakula usingizi huo. Magharibi ikifika una mtoto aliyechoka kuliko wewe, analia kwa sababu kijiko ni cha bluu. Mimi simu natoa, sifichi. Natoa baada ya Magharibi, nusu saa, nikiwa jikoni na mafuta ya moto.

Saa nane kwangu nyumba inalala. Kwanza nafunika mapipa na ndoo zote za maji, nakomea geti. Hilo msilipuuze. Kisha pazia linashushwa, mkeka unatandikwa upande wa dirisha lenye upepo, jagi la maji linawekwa karibu. Sharti ni moja: kulala usingizi si lazima, ila mwili uwe chini na mdomo ufungwe. Wa darasa la pili ana kitabu chake. Na mimi nalala nao. Vyombo vinakaa na uchafu wake, nzi wakitaka waje.

Mtu ataniambia, "Mama, nimeboreka." Namjibu, "Hewala." Basi. Zamani nilikuwa nakimbilia rangi, karatasi, michezo ya kununua, nikawa mshereheshaji ndani ya nyumba yangu. Magari ya makopo hayakubuniwa na mtoto aliyetafutiwa la kufanya.

Saa kumi wanafunguliwa kama mbuzi. Rede, kombolela, wadogo wanacheza mdako kivulini, mpaka adhana ya Magharibi. Sisi akina mama wanne wa mtaani tumepeana zamu, mmoja anakaa barazani na jicho lake, watatu wako huru. Jumatatu ni yangu. Jumatano nakwenda kusukwa, natulia pale hata kama nywele zimekwisha. Akina baba mliosimama karibu na mlango, Jumamosi ni ya kwenu. Wala msiniambie mnamsaidia mama watoto.

Mama mwenye kitenge cha njano, uliza.

(Aliuliza afanyeje mtoto akikataa katakata kulala.)

Atakataa. Wangu alikataa siku nne. Ya kwanza aliimba, ya pili alidai maji mara saba, ya tatu alilia, na mimi nikalia kidogo. Siku ya nne alikaa ananitazama tu. Ya tano nilisikia anamwambia dada yake, "Nyamaza, mama amelala." Nami sikuwa nimelala. Nilifumba macho hivyo hivyo.