Fisi Mwenye Sevu

ZUHURA: Haya, tumerudi. Mimi Zuhura, na huyu anayegonga kijiko kwenye kikombe mbele ya maikrofoni ni Baraka.

BARAKA: Sukari imekaa chini, dada, nifanyeje? Karibuni wasikilizaji.

ZUHURA: Leo ni noveli gemu za Kijapani, na leo tunamwaga mtama, hatubakishi punje. Kama hujamaliza Fate/stay night, Steins;Gate na Clannad, na hutaki kuharibiwa uhondo, funga. Urudi ukimaliza.

BARAKA: Atarudi mwakani huyo. Fate peke yake ilinila miezi mitatu.

ZUHURA: Wewe unasoma polepole.

BARAKA: Nasoma na kamusi pembeni! Kiingereza cha wachawi hakisomwi kwa pupa.

ZUHURA: Kwa mgeni, noveli gemu ni riwaya unayoisoma kwenye skrini. Mandhari iko nyuma, mhusika kasimama mbele yako, muziki unapiga, maneno yanapita chini. Unabonyeza, unasoma, unabonyeza. Halafu mara moja moja unaulizwa: utamfuata nani? Utamjibu nini? Majibu yako yanakupeleka kwenye njia ya mhusika fulani.

BARAKA: Na hapo ndipo nilipokuwa na ugomvi nazo. Niliziona kama menyu ya hoteli. Wasichana watano wamepangwa, chagua mmoja, ukishiba urudi uagize mwingine. Na yule wa jana anakuangalia kama hajawahi kukuona.

ZUHURA: Zipo za namna hiyo, tena nyingi. Sizitetei.

BARAKA: Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Huku fisi kapewa sevu, yaani anahifadhi alipofika kisha anarudi pale pale akitaka! Anapita kushoto, anakula, anafungua sevu, anapita kulia, anakula tena. Sasa uchungu wa kuchagua uko wapi?

ZUHURA: Swali zuri, na ndiyo maana nimekuleta kwenye Fate. Imetolewa na kampuni ya TYPE-MOON, tarehe 30 Januari 2004. Mwandishi Kinoko Nasu, mchoraji Takashi Takeuchi. Mji wa Fuyuki, wachawi saba, kila mmoja anamwita shujaa wa kale awe mtumishi wake, wanapigana mpaka abaki mmoja apate Kombe Takatifu. Shirou Emiya, mwanafunzi, anaingia kwenye vita hivyo karibu kwa bahati mbaya. Njia ni tatu: ya Saber, mtumishi wake Shirou; ya Rin, mchawi anayesoma naye shule moja; na ya Sakura, msichana anayekuja kumpikia.

BARAKA: Na zina kufuli.

ZUHURA: Zina kufuli. Ya kwanza lazima iwe ya Saber. Ukiimaliza inafunguka ya Rin. Ukimaliza ya Rin ndipo inafunguka ya Sakura.

BARAKA: Mimi sikuambiwa. Nimenunua gemu yangu, nimechoma bando la usiku kuishusha, nimeingia na nia moja tu: Rin. Kila swali najibu kwa kumpendelea Rin. Naishia wapi? Kwa Saber. Nikasema hii ni ndoa ya kupangiwa.

ZUHURA: [anacheka] Si uliipenda lakini?

BARAKA: Niliizoea. Ndoa za kupangiwa ndivyo zilivyo.

ZUHURA: Sasa sikiliza. Shirou ni mtoto aliyeokolewa kwenye moto mkubwa uliounguza mtaa mzima. Aliyemwokoa akamlea, na yule mtoto akarithi ndoto ya mlezi wake: kuwa mtetezi wa haki, kumwokoa kila mtu. Njia ya kwanza, ndoto hiyo unaiona inapendeza. Ina ujinga kidogo, lakini inapendeza. Njia ya pili, anapambana na Archer, mtumishi wa Rin, na Archer ni yeye mwenyewe, Shirou wa miaka ya mbele, ambaye ndoto ile imemmaliza na karudi amuue kijana aliyekuwa yeye. Njia ya tatu, anatakiwa aiache ndoto kwa ajili ya mtu mmoja.

BARAKA: Kwa ajili ya Sakura.

ZUHURA: Haya, anza na hiyo ya tatu. Anaacha nini? Hujawahi kumwona akiishika. Ni kama kuambiwa fulani kauza shamba la baba yake, na wewe hata hujui kama alikuwa na shamba. Utamlilia nini?

BARAKA: Hapo nakubali. Lakini unamchukulia msomaji kama mtoto. Yaani gemu inakupa maswali halafu inakufungia majibu. Si bora iwe riwaya ya kawaida tu, sura ya kwanza, ya pili, ya tatu?

ZUHURA: Hapana, kwa sababu riwaya ya kawaida isingeweza kukufanya umwache Sakura.

BARAKA: Eleza.

ZUHURA: Twende jikoni kwa Shirou, njia ya kwanza. Asubuhi, Sakura kaja. Anakuja kila siku, ana ufunguo wake wa nyumba, anajua chombo gani kinakaa wapi. Anapika, anapakua, mwalimu Taiga anavamia meza kama hajala wiki nzima, mnacheka, mnaenda shule. Wewe unamwonaje Sakura hapo?

BARAKA: Kusema kweli? Nilimwona kama mtoto wa jirani anayesaidia kupika. Nilikuwa nabonyeza haraka haraka nifike kwenye mapigano.

ZUHURA: Ehee! Ulibonyeza haraka haraka. Vita vikaanza, Sakura akapungua kwenye hadithi, akapotea. Ulimuulizia?

BARAKA: Sikumuulizia.

ZUHURA: Njia ya pili je?

BARAKA: Dada, mimi nilikuwa na Rin. Nimemsubiri Rin mwezi mzima! Sakura wa nini?

ZUHURA: Kisha njia ya tatu inakwambia kwamba msichana yule ni mdogo wake Rin, damu moja. Walimtoa akiwa mdogo, akapelekwa ukoo mwingine wa kichawi, ukoo wa Matou, na kule wamemtesa kwenye chumba cha chini ya ardhi, chumba cha minyoo, miaka nenda miaka rudi. Na mateso yale hayakuzaliwa kwenye njia ya tatu. Yalikuwepo kwenye ya kwanza. Asubuhi ile ile anayokupakulia wali, wewe unabonyeza ufike kwenye mapigano.

BARAKA: Mh.

ZUHURA: Hiyo riwaya ya kawaida haiwezi. Ingeweza kukuonesha Shirou akimpuuza Sakura. Hapa aliyempuuza ni wewe, kwa kidole chako. Mara mbili.

BARAKA: Niliposoma pale nilirudi, si utani. Nilifungua sevu za njia ya kwanza nikasoma upya zile asubuhi. Hakuna neno lililobadilika, lakini nilikuwa kama nasoma barua ya mtu aliyekwisha kufa. Jinsi alivyojifunza kupika, kwa mfano. Alipoanza kuja, Shirou alikuwa kaumia bega, na Sakura hajui kupika chochote. Shirou ndiye aliyemfundisha. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa mahali pake pekee pa kupumua, na mimi nilidhani ni kijakazi wa hadithi.

ZUHURA: Na ile ya kuruka juu?

BARAKA: Usinianzishe.

ZUHURA: Lazima tuisimulie. Sakura anamkumbuka Shirou kabla hawajajuana. Jioni moja shuleni, kijana anafanya mazoezi ya kuruka ule ufito. Hauwezi, ni wa juu mno kwake. Anaruka, anauangusha, anaupandisha, anaruka tena. Jua linazama, mwenyewe hachoki. Sakura kasimama dirishani, na kwa moyo uliokwisha vunjika anamwombea ashindwe, akate tamaa kama yeye. Kijana hakukata tamaa, alishindwa mpaka akaridhika, akakusanya vifaa vyake akaenda zake.

BARAKA: Na baadaye unakuja kujua kwamba Rin naye alimwona siku ile ile. Ndugu wawili waliotenganishwa walikuwa wanamwangalia kijana mmoja, jua moja, na hakuna anayejua habari za mwenzake. Nasu ana maneno mengi jamani, kuna mahali anaeleza uchawi mpaka unasinzia, lakini pale alitulia.

ZUHURA: Anaeleza uchawi mno, kweli. Ningekuwa mhariri wake ningebeba panga.

BARAKA: Tusipite bila kutaja ukumbi wa Taiga. Ukifanya uamuzi wa kijinga ukafa, na miisho ya kufa humo ni 40, unapelekwa kwenye ukumbi wa mazoezi. Taiga kakaa na upanga wake wa mianzi, pembeni Ilya, yule mchawi mdogo wa vitani, kavaa nguo za michezo kama mwanafunzi, wanakusuta: hapa ulikosea, rudi swali fulani. Kisha unagongewa muhuri. Mimi nilikuwa najiua makusudi nipate mihuri.

ZUHURA: Kama mwalimu wa zamu.

BARAKA: Mwalimu wa zamu mwenye utani.

ZUHURA: Twende kwako sasa. Unasema Steins;Gate inaishinda Fate kwa njia.

BARAKA: Inaishinda kwa kuzitumia. Ilitoka Oktoba 2009, kwanza kwenye mashine ya gemu ya Xbox 360, kazi ya kampuni za 5pb. na Nitroplus. Okabe, ambaye ndiye wewe, na wenzake, mtaa wa Akihabara jijini Tokyo, wanagundua kwamba maikrowevu yao ikiunganishwa na simu inatuma meseji kwenda wakati uliopita. Kila rafiki anatuma yake, anarekebisha jambo lake moja. Halafu Mayuri, rafiki yake Okabe tangu utotoni, anakufa. Okabe anarudi nyuma, Mayuri anakufa. Anajaribu tena, anakufa. Ili apone, lazima zile meseji zote zifutwe, moja baada ya nyingine.

ZUHURA: Na kila meseji ina mwenyewe.

BARAKA: Hapo ndipo njia zinapozaliwa! Chukua Faris, mmoja wa marafiki hao. Meseji yake ilimrudisha baba yake hai. Baba aliyekufa tangu yeye mtoto, sasa yupo nyumbani, anazungumza na wageni. Na kwa sababu mzee yule alibaki hai, Akihabara nzima imebadilika, maduka ya katuni za Kijapani, anime na manga, hayapo tena. Sasa wewe Okabe unakwenda kumwambia msichana: naomba nimuue baba yako mara ya pili, ili rafiki yangu aishi.

ZUHURA: Na ukishindwa kumwambia...

BARAKA: Ukishindwa, hadithi inakatika pale, unabaki na Faris. Huo ndio mwisho wake. Suzuha, rafiki mwingine, vivyo hivyo: ukikataa kumwacha aende, mnarudia siku zile zile pamoja, tena na tena, mpaka Okabe anakuwa gogo, hasikii furaha wala majonzi. Kwa hiyo njia ya mhusika siyo tena zawadi ya kumpenda, ni kishawishi. Njia kuu ni moja tu, na pembeni yake kuna milango ambayo kila mmoja umeandikwa: pumzika hapa, umechoka.

ZUHURA: Hilo umelisema vizuri kuliko nilivyotegemea.

BARAKA: Nimelifikiria kwenye daladala. Na huulizwi A au B. Una simu ya Okabe mkononi. Meseji inaingia, ndani yake kuna maneno yamepigiwa mstari, unachagua neno, unajibu, au unaiweka simu mfukoni. Kuna meseji za Kurisu, msichana mwanasayansi wa kundi lao, mambo madogo madogo, usipozijibu ipasavyo huufikii mwisho wa kweli. Mtu anakunyima mwisho kwa sababu hukujibu meseji!

ZUHURA: Kama maisha ya ndoa.

BARAKA: Mimi nilikosa mara ya kwanza. Nilikuwa siwajibu watu kwenye gemu kama nisivyowajibu nje ya gemu.

ZUHURA: Clannad tuigusie. Kampuni ya Key waliitoa tarehe 28 Aprili 2004, miezi mitatu tu baada ya Fate. Njia za wahusika ni nyingi, na ukiwasaidia watu wa mji ule unapata taa, vimulimuli vya nuru. Zikitimia unafunguliwa sehemu ya pili, Tomoya, mhusika mkuu, sasa mtu mzima, kamuoa Nagisa, msichana wa shule yake, anafanya kazi, anapata mtoto.

BARAKA: Na hapo nina lalamiko langu la menyu. Kotomi, mmoja wa wasichana wa njia hizo, nilimsaidia, nikalia naye, sehemu ya pili yuko wapi? Amekuwa taa. Mtu mzima na huzuni yake yote, amegeuzwa tokeni ya kufungulia mlango.

ZUHURA: Unamwonea. Fuko je? Msichana yule anachonga nyota za baharini kwa kisu, za mti, vidole vimejaa bandeji, anamgawia kila mwanafunzi kama kadi ya mwaliko wa harusi ya dada yake. Na mwili wake muda wote uko hospitali, haujaamka. Kadiri siku zinavyokwenda watu wanamsahau, hata wewe. Unaitazama nyota mkononi, hujui nani kakupa.

BARAKA: Fuko simgusi. Fuko namwachia.

ZUHURA: Basi. Msikilizaji mmoja katuuliza aanze na ipi.

BARAKA: Steins;Gate. Shina moja, hapotei. Sura za mwanzo zinakwenda taratibu kama foleni ya mwisho wa mwezi, avumilie. Fate aifuate, na sasa ni rahisi: toleo lililosafishwa lilitoka Agosti 2024 kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, na kwenye mashine ya Switch, na ndilo la kwanza rasmi kwa Kiingereza. Miaka 20! Kabla ya hapo tuliishi kwa hisani ya mashabiki waliotafsiri.

ZUHURA: Kabla hatujafunga, nina swali ambalo sikukuuliza. Njia ya Sakura, lile swali kubwa. Umeshajua kuwa akiachwa hai ataua watu wengi. Unaulizwa: utakuwa mtetezi wa haki, au utamlinda Sakura? Ulichagua nini?

BARAKA: Kumlinda. Kwani kuna mwingine?

ZUHURA: Kuna mwisho upande wa pili. Shirou anashika ndoto yake, moyo wake unakuwa chuma. Gemu inauhesabu kuwa mwisho mbaya, na njia mbili nzima imekufundisha kwamba hilo ndilo jambo jema. Umeusoma?

BARAKA: ...Sijausoma.

ZUHURA: Baraka! Wewe uliyekufa makusudi kwa ajili ya mihuri?

BARAKA: Muhuri huo mmoja sina. Sevu ipo, namba tisa, niliiweka pale pale kwenye swali. Kila nikiifungua naangalia maneno mawili yale, nafunga.

ZUHURA: Fisi mwenye sevu.

BARAKA: Ndiyo, fisi mwenye sevu, nimeshindwa.

ZUHURA: Laptopu si hiyo hapo?

BARAKA: Tuko hewani, dada.

ZUHURA: Wasikilizaji kwaherini. Fungua.

BARAKA: Chaji imebaki asilimia 11.

ZUHURA: Waya huu hapa.