Njia za Barafuni: Wainuiti na Ramani Zao

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuko Nunavut, kaskazini ya mbali ya Kanada, kwa Wainuiti, wenyeji wa asili wa huko. Baraka, wiki nzima umeniimbia habari za njia.

BARAKA: Zinastaajabisha, dada! Wawindaji wa Igloolik, kijiji cha Nunavut, husafiri juu ya bahari iliyoganda. Joto likija barafu inayeyuka, njia yote inapotea. Baridi ikirudi, watu wanapita palepale. Mtafiti Claudio Aporta alifuatana nao na kifaa cha jipiesi, kinachoonyesha mahali ulipo kwa setilaiti, akarekodi njia ambazo wamerithishana kwa vizazi.

MWANAIDI: Wanazikumbukaje?

BARAKA: Kwa mdomo. Kijana anasafiri na mzee, anatajiwa jina la kila rasi na kila kisiwa. Halafu kuna uqalurait, matuta magumu ya theluji yanayochongwa na upepo wa kaskazini-magharibi. Hata ukungu ukifunga, unayakata matuta kwa pembe ileile, hupotei.

MWANAIDI: Na majina hayo ndiyo yaliyokosa nafasi kwenye ramani za serikali. Mwaka 1822, mama mmoja wa Kiinuiti, Iligliuk, alimchorea nahodha Parry wa Uingereza pwani ambayo Waingereza hawakuwa wameiona. Mchoro ukawafikisha kwenye mlango wa bahari, nao wakauita Fury na Hecla, majina ya meli zao. Inaniuma sana. Aliyewaonyesha njia ni yeye.

BARAKA: Hata mji mkuu wa Nunavut uliitwa Frobisher Bay mpaka 1987, ndipo jina la wenyeji, Iqaluit, likarudishwa.

MWANAIDI: Sasa tuje Cambridge Bay, mji mwingine wa Nunavut. Pale lugha ya Wainuiti ni Kiinuinnaqtun, na iko hatarini kweli. Shirika la urithi la wenyeji lilishirikiana na Chuo Kikuu cha Carleton kutengeneza atlasi ya majina ya mahali kwenye intaneti. Unabonyeza ghuba, unasikia jina linavyotamkwa.

BARAKA: Mimi hapo nina wasiwasi. Mtoto atabonyeza, atasikia, atafunga simu. Lugha haijaingia.

MWANAIDI: Ndiyo maana wanaandaa pia kambi, wazee na vijana wanaishi pamoja nje ya mji. Mzee akisimama mahali penyewe anakumbuka mambo ambayo sebuleni hayamjii: nani alivua pale, mkondo uko wapi. Kwangu mimi atlasi inapata thamani yake hapo, maana inampa kijana sababu ya kumuuliza mzee.

BARAKA: Hapo nakubali. Na ndiyo sababu naipenda SIKU, programu ya simu iliyozinduliwa 2019 na shirika lenye makao Sanikiluaq, kijiji cha visiwani katika Hudson Bay. Mwindaji akifika sinaaq, yaani ukingo ambapo barafu iliyoshikana na nchi kavu inakutana na maji, anapiga picha na kuandika aina ya barafu kwa neno la lahaja yake. Anayemfuata anaona, pamoja na picha za setilaiti, kama panapitika au ni hatari.

MWANAIDI: Kwa hiyo neno la babu linaokoa maisha leo hii.

BARAKA: Hasa. Na taarifa zinabaki mali ya aliyeziweka. Yeye ndiye anayeamua nani azione.

MWANAIDI: Hilo ni kubwa. Iligliuk hakuulizwa.