Bodi Moja, Mashine Sita

SALMA: Ngoja kwanza, usianze. Hebu nimulikie hapa na tochi ya simu yako.

BARAKA: Tumeshaanza, dada. Taa nyekundu hiyo inawaka.

SALMA: Haya, wasikilizaji mtanisamehe, mmenikuta nimeipindua kompyuta ya watu kama samaki anayeparwa. Mimi Salma, na huyu mshika tochi ni Baraka.

BARAKA: Na samaki mwenyewe ni MacBook Pro ya inchi 13, ile nene ya alumini, yenye mlango wa DVD ubavuni. Imekuja kutoka Tanga kwa basi, imeviringishwa kanga mbili na kamba ya katani juu.

SALMA: Ya mjomba wangu hiyo. Ana studio ya picha, na ana skana ya negativu ambayo haiongei na kompyuta yake mpya. Akaikumbuka hii kabatini. Akanipigia: "Salma, hebu niangalizie, hii inapanda mpaka macOS ngapi?" Yaani ule mfumo unaoendesha kompyuta za Apple. Nikasema hapo hapo tumepata kipindi, kwa sababu nusu ya ujumbe mnaotutumia ni swali hilo hilo. Mashine ya zamani, inabeba toleo gani?

BARAKA: Mwingine ameshainunua, mwingine bado yuko dukani na muuzaji anamkodolea macho.

SALMA: Wa dukani anisikilize mimi kwa makini. Baraka, soma hapo chini. Maandishi ni madogo na mimi miwani nimeiacha.

BARAKA: Piga picha kwa simu halafu uikuze, ndiyo kazi ya kamera siku hizi. Imeandikwa… A1278.

SALMA: Watu wengi wanaishia hapo. Wanaona A1278, wanaiandika kwenye Google, wanapata jibu la kwanza, wanalipa. Sasa hiyo A1278 ni namba ya bodi, yaani kasha la nje. Apple waliitumia bodi hiyo kuanzia mwisho wa 2008 mpaka toleo la katikati ya 2012. Ndani yake zimepita mashine sita tofauti. Ya 2008 na ya 2009 zinaishia El Capitan. Ya 2010 na zile mbili za 2011 zinaishia High Sierra. Ya 2012 peke yake inafika Catalina. Hayo ni majina ya matoleo ya macOS, kutoka la zamani kuja jipya: El Capitan, Sierra, High Sierra, Mojave, Catalina.

BARAKA: Na ukizipanga mezani zote zinafanana. Mtoto wa mama yangu mdogo alilizwa hivyo hivyo. Kaambiwa "hii ya 2012, bosi, utapiga Mojave bila wasiwasi." Alikuwa na programu ya kuhariri video inayotaka Mojave. Amefika nyumbani, kapakua usiku kucha kwa bando lake mwenyewe, asubuhi mashine inamwambia toleo hili haliwezi kusakinishwa kwenye kompyuta hii.

SALMA: Ilikuwa ya mwaka gani?

BARAKA: Mwisho wa 2011. Miezi michache tu nyuma.

SALMA: Na watu wanadhani Apple wamekata kwa roho mbaya tu. Mara nyingine ndivyo, sikatai. Ila hapa pana sababu unayoweza kuishika. Mojave, ya 2018, inachora kila kitu kwenye kioo kupitia njia inayoitwa Metal. Chipu ya picha ya 2011 ni Intel HD 3000, haiijui Metal kabisa. Ya 2012 ni HD 4000, inaijua. Kwa hiyo huyo ndugu yako hata angejaza RAM mpaka pomoni na kufunga SSD mpya, kikwazo kiko palepale.

BARAKA: Na RAM ndiyo kitu cha kwanza fundi alimwambia aongeze!

SALMA: Si ndiyo anayouza? Haya, ukishaona A1278 usinyanyue kichwa. Pembeni yake kuna EMC, namba nyingine ya Apple inayozitenganisha mashine zenye bodi moja. Soma.

BARAKA: EMC… 2554.

SALMA: Ah! Mjomba ana bahati. 2554 ni ya katikati ya 2012. Sasa angalia vituko: ile ya mwisho wa 2011 ni EMC 2555.

BARAKA: Subiri. Yenye namba kubwa ndiyo ya zamani?

SALMA: Ndiyo hivyo. Kwa hiyo ukikariri kwamba namba ikipanda na mwaka umepanda, umeliwa. Namba hizi hazihesabiwi, zinatafutwa kama zilivyo. Kuna programu ya bure inaitwa Mactracker, unaiweka hata kwenye iPhone, inakuonyesha kila Mac, ilitoka na toleo gani na inaishia lipi.

BARAKA: Na risiti je? Kuna msikilizaji katuandikia MacBook Pro yake ni ya 2016, ana risiti ya duka, na bado haipandi zaidi ya Catalina. Anasema kuna kasoro.

SALMA: Ina DVD?

BARAKA: Ina DVD.

SALMA: Basi haina kasoro. Hii iliyopo mezani Apple waliendelea kuiuza mpaka Oktoba 2016. Ilikuwa Mac ya mwisho yenye DVD, na watu walikuwa bado wanaitaka. Yeye kanunua 2016 mashine ya 2012. Anayepanga matoleo haangalii risiti yako, anaangalia modeli.

BARAKA: Tuiwashe basi, tuache kubahatisha tumboni kwake.

SALMA: Iwashe. Ikiwaka, kazi imeisha nusu. Nembo ya tufaha juu kushoto, About This Mac. Pale inakuambia mwaka. Ukitaka jina lake la ukoo hasa, ingia System Report, tafuta Model Identifier.

BARAKA: MacBookPro9,2.

SALMA: Hilo ndilo jina. Maandishi ya chini yanafutika, bodi inaweza kubadilishwa na fundi, nimeona mashine yenye kifuniko cha 2012 na ubao wa 2010 ndani. Hilo jina linatoka kwenye ubao wenyewe. Ukipenda Terminali, lile dirisha la kuandika amri, andika sysctl hw.model, jibu ni lile lile.

BARAKA: Na ikiwa diski ni tupu? Nyingi zinauzwa zimefutwa.

SALMA: Kwa Mac nyingi za Intel, ukiacha hizo za 2008 na 2009, iwashe huku umeshikilia Option, Command na R kwa pamoja. Itatafuta Wi-Fi, dunia itazunguka kwenye kioo, halafu itakuletea toleo la juu kabisa inaloruhusiwa. Yaani imejibu yenyewe. Ukiongeza Shift, inakuletea lile ililotoka nalo kiwandani au la karibu yake. Ila mashine ambayo tangu izaliwe haijawahi kupandishwa kufika Sierra 10.12.4, hata bila Shift itakuletea la kiwandani. Usikate tamaa, anzia hapo upande.

BARAKA: Na mtu asisahau saa. Betri ikikaa imekufa kabatini, tarehe inarudi nyuma miaka na miaka. Kisakinishi kinagoma, kinakuambia sijui kimeharibika, kumbe hakijaharibika chochote, kalenda tu ndiyo imelala.

SALMA: Fundi mmoja aliniambia ninunue diski mpya kwa tatizo hilo. Nikarekebisha tarehe, nikamaliza.

BARAKA: Tuhamie Windows, maana Mac ni wachache. Mimi ninayo hapa EliteBook 840 G3, mashine iliyojaa madukani kuliko maandazi. Swali: inabeba Windows 11?

SALMA: Umeiuliza?

BARAKA: Nimeiuliza. Kitufe cha Windows na R, nikaandika msinfo32. Inasema prosesa i5-6300U. Tarakimu inayofuata kistari ni 6, kizazi cha sita. Microsoft kwa upande wa Intel wanaanzia kizazi cha nane, ukiacha chipu chache mno za cha saba. Kwa hiyo kirasmi hapana. Halafu nikaandika tpm.msc, ile chipu ya usalama ipo, 2.0. RAM nimeweka GB 8, wao wanataka 4. Diski GB 256, wao wanataka 64. Kila kitu imefaulu, imefelishwa na umri wa prosesa.

SALMA: Na ndiyo maana sipendi muuzaji anayejibu "ina RAM kubwa" ukimuuliza Windows 11. Nimekuuliza miguu, unanijibu kofia. Ila toa tahadhari kwenye hizo tarakimu. Kuna i5-10210U, mtu akaona moja akalia.

BARAKA: Hiyo ni kizazi cha kumi, mzima wa afya. Na stika ya Intel pale kwenye mapumziko ya mkono msiiamini, stika zinauzwa pakiti. Hata jina la mashine lisikutoshe. EliteBook 840 G5 nyingi ni kizazi cha nane, lakini soma prosesa kabla hujatoa hela.

SALMA: Na wale wa "nakupigia Windows 11 kwa elfu kumi, inakubali mashine yoyote"?

BARAKA: Inawezekana kweli, wanatumia flashi iliyotengenezwa na programu ya Rufus, inaruka ukaguzi. Kwenye hii G3 yangu itawaka na itafanya kazi. Ila Microsoft wamesema wazi mashine isiyotimiza masharti haina haki ya kudai masasisho. Na "yoyote" siyo kweli. Tangu toleo la 24H2, prosesa lazima iwe na amri mbili, POPCNT na SSE4.2. Prosesa za zamani kama Core 2 Duo hazina. Hapo Rufus hana dawa, haiwaki.

SALMA: Wakati Windows 10 nayo ilifungiwa pazia tarehe 14 Oktoba 2025.

BARAKA: Ndiyo, wanaojiandikisha kwa nyongeza ya masasisho wanasogezwa mpaka Oktoba 2026. Mimi hii nimeshaihamishia Linux Mint 22, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Uzuri wake unaijaribu kutoka kwenye flashi kabla hujagusa diski. Sauti inatoka? Wi-Fi ipo? Kioo kinapungua mwanga? Ukiridhika ndipo unasakinisha. Inaomba RAM ya GB 2 tu kuanzia, japo kwa GB 2 kivinjari kitakutesa.

SALMA: Ukiiweka Linux hiyo kwenye Mac hii, Wi-Fi haitaonekana mwanzoni, ni chipu ya Broadcom, mpaka uiwekee draiva. Chomeka waya wa mtandao, tundu lake hili hapa ubavuni. Mashine nyingi za siku hizi hata tundu hilo hazina.

BARAKA: Sasa mjomba tunamjibuje? Inafika Catalina. Tumpandishe Catalina.

SALMA: Hapana.

BARAKA: Eh?

SALMA: Mjomba hajaniambia anataka ya juu. Aliuliza inapanda mpaka ngapi kwa sababu watu wote wanauliza hivyo. Yeye anachotaka ni skana iongee. Na programu ya skana ni ya biti 32, muundo wa zamani; za siku hizi ni za biti 64. Catalina, mwaka 2019, iliua programu zote za biti 32. Ukifungua inakuwekea alama ya marufuku juu ya ikoni, basi. Toleo la mwisho kuzikubali ni Mojave.

BARAKA: Umejuaje ni ya biti 32 kabla ya kuharibu?

SALMA: Mashine ilikuwa na High Sierra ilipofika. System Report ile ile, shuka mpaka Software, halafu Applications. Kuna safu imeandikwa 64-Bit. Programu ya skana inasema No. Ningeipandisha Catalina kwa mapenzi, ningemrudishia mjomba kompyuta mpya kwa jina na skana iliyokuwa bubu ingebaki bubu.

BARAKA: Lakini Mojave imeshaachwa. Chrome ya mwisho kuikubali ni ya 116, ya 2023.

SALMA: Kweli, na Firefox imeiachia tawi la 115. Ndiyo maana nimemwambia benki asifungulie hapa, ana simu. Hapa ni negativu tu. Kuna watu watasema tumia OpenCore Legacy Patcher, uibebeshe hata matoleo mapya zaidi. Nimeitumia, kazi nzuri ya watu waungwana, lakini baada ya masasisho unaweza kulazimika kuvibandika tena viraka vya picha. Mzee wa miaka sabini na moja Tanga, viraka nani atambandikia? Basi la saa kumi na mbili?

BARAKA: Mojave basi. Lakini Option, Command na R si itatuletea Catalina?

SALMA: Ndiyo, kwa hiyo tusipitie huko. Apple bado wanatoa Mojave kwenye App Store, ukifuata kiungo kilichopo kwenye ukurasa wao wa msaada. Ukiitafuta kwa jina huioni. Imeshaanza kushuka, iko asilimia arobaini. Hiyo simu yako inalia?

BARAKA: Ni yako. Mjomba.

SALMA: Weka spika. Hapana, usiweke, atasema mambo ya ukoo. Mjomba shikamoo… Ndiyo, iko hapa… Inakubali, mjomba, tunakuwekea Mojave… Mo-ja-ve… Aa. Ngoja nimuulize. Baraka, anasema programu ya skana anayo kwenye CD, anauliza hiyo CD itaingia wapi.

BARAKA: Mwambie ubavuni, kulia. Na asiisukume, itavutwa yenyewe.