Mtoto Akishalia, Macho Yabaki kwa Mama

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nataka tukae zaidi kwenye saa ile ya kwanza baada ya kujifungua. Mtoto kashalia, kakaushwa, anapimwa uzito. Huko nje simu zinapigwa, kila mtu anauliza ni wa kike au wa kiume. Mama yupo kitandani, na wengi wetu tunadhani yake yamekwisha.

Hayajaisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki kwa sababu za uzazi, wakiwa wajawazito au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kukoma. Kinachoongoza kuua ni kutokwa na damu nyingi, na sehemu kubwa ya damu hiyo hutoka baada ya mtoto kuzaliwa.

Kondo la nyuma likishatoka, mfuko wa uzazi unatakiwa ujikaze, uwe mgumu ukiugusa chini ya kitovu, ili uibane mishipa iliyoachwa wazi. Ukilegea, damu inamwagika. Ndiyo maana mama huchomwa sindano ya oksitosini, uniti 10, mara tu mtoto anapozaliwa. Dawa hii hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda kwenye joto siku nenda siku rudi, nguvu zinapotea, na kwa kuitazama chupa huwezi kujua.

Tatizo lingine ni macho yetu. Damu inanywewa na shuka, inachanganyika na maji ya uzazi, inachuruzika chini ya kitanda. Mkunga anakadiria, na mara nyingi anakadiria pungufu. Utafiti uliotoka mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo. Damu ikizidi, matibabu yote yanaanza kwa mpigo: kuuchua mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu, na kutafuta damu inatokea wapi. Ukijumlisha kuvuja damu kulikokithiri, upasuaji wa kuizuia na vifo vilivyotokana nayo, matukio hayo yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe ni zilezile za siku zote. Mimi hilo linanikera kuliko linavyonifurahisha.

Kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha kupanda, nacho hakimwachi mzazi kwa kuwa kajifungua. Kichwa kikimuuma sana, akaona vimulimuli, au presha ikafika 140/90, apelekwe kituoni siku hiyohiyo, hata kama mtoto ana wiki moja. Dawa ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege hilo kwa zaidi ya nusu. Homa na uchafu wenye harufu mbaya ni maambukizi. Hayo nayo hayasubiri kesho.

Wataalamu husema mama huponzwa na machelewo matatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Mawili ya mwanzo tunayahubiri kila mkutano, na ni kweli familia ipange mapema nani ataamua baba akiwa safarini, usafiri ni upi, na nani atatoa damu. La tatu tunalikwepa kwa sababu ni letu sisi watumishi. Mkunga aliyefunzwa aruhusiwe kuanza tiba papo hapo bila kungoja daktari aamshwe, na ufunguo wa kabati la dawa za dharura ukae wodini usiku kucha.