Kipindi cha 41: Embe la Stejini

SALMA: Haya, tumerudi. Mwinyi leo ana uso wa mtu anayedaiwa.

MWINYI: Nadaiwa kweli. Jumatano upepo wa kusi umechacha, boti ya kwenda kisiwa cha Wasini haitoki. Saa kumi na moja alfajiri, jicho moja bado limelala, nikamwandikia mgeni: "We are put off by your trip until Friday."

SALMA: Ya Rabi.

MWINYI: Nilitaka kusema tumeiahirisha!

SALMA: Ukamwambia safari yake imewachukiza. Mpaka Ijumaa.

MWINYI: Akajibu, "I'm so sorry, what have we done?" Mkewe hakuomba radhi, yeye alitaka pesa zake.

SALMA: Ungeandika "we have put off your trip" ungelala usingizi wako. Safari ndiyo inayoahirishwa. Wewe ukisema uko "put off by" kitu, basi kitu hicho kimekutoa hamu.

MWINYI: Maneno ni yaleyale, Mwalimu. Kijineno kimoja tu kinanitoa kazini?

SALMA: Na kwetu je? Nenda leo umwambie mkeo "unanuka".

MWINYI: Nitalala barazani.

SALMA: Sasa mwambie "unanukia".

MWINYI: Biriani.

SALMA: Umeona? Kuhama na kuhamia. Kumkimbia askari na kumkimbilia askari. Sisi kijineno chetu tunakishonea ndani ya kitenzi, Mwingereza anakiacha nje kinaning'inia. Ndiyo maana kinatuponyoka. "Ningoje" imeshiba yenyewe, kwa hivyo mtoto anaandika "wait me", hiyo "for" hajui aiweke wapi. Halafu yuleyule, kwa kuwa kwetu watu huzungumza kuhusu jambo, anaandika "discuss about". Huku anapunguza, kule anaongeza. Sasa leo nimeandaa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la "on": "depend on", "insist on"...

MWINYI: Kabla ya mafungu. Jana nilikutumia ujumbe unipitie stejini, pale kituo cha matatu: "pick me at the stage". Ukanijibu kwa neno moja, "up". Salamu hakuna.

SALMA: Kwa sababu kumpitia mtu ni "pick up". "Pick" peke yake ni kuchagua, au kuchuma. Nikuchume stejini, wewe embe?

MWINYI: Embe gani?

SALMA: Ngowe. Refu, lina kidomo.

MWINYI: Nashukuru hukusema dodo. Mimi nilijiona boribo.

SALMA: Boribo? Na kambakamba zako hizo za kubishana, zinazobaki kwenye meno siku mbili?

MWINYI: Hizo si za boribo, Mwalimu, hapo umetukana embe. Sikiza lakini. Kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, kila mtu anasema "pick me". Dereva anafika, abiria anapanda. Nani amechumwa?

SALMA: Makosa yakiwa ya watu wengi bado ni makosa.

MWINYI: Mmarekani anasema "write me". Mwingereza lazima "write to me". Fomu, mmoja "fill out", mwenzake "fill in". Hao mbona huwapigi mstari mwekundu?

SALMA: Wao wameandika kamusi zao.

MWINYI: Kwa hivyo ni kamusi, si masikio. Tukiandika yetu, "pick me" itakuwa halali?

SALMA: Ukiandika yako, sawa. Mimi nimesahihisha insha miaka kumi na tisa, sijaona mtoto akipewa alama kwa sababu mtaa mzima unasema vile. Mwanao akiandika "pick me" kwenye mtihani, utakwenda wewe kubishana na msahihishaji?

MWINYI: Huo ni mtihani. Mimi nasema stejini. Kiingereza cha stejini kina wenyewe.

SALMA: Na mgeni wako wa Wasini? Hakuwa stejini.

MWINYI: Hapo nilikosea, nimekubali. Kwa sababu hakunielewa. "Pick me" kila mtu ananielewa.

SALMA: Kueleweka si kusema sawa.

MWINYI: Sasa kusema ni kwa kazi gani?

SALMA: ...

MWINYI: Wasikilizaji, Mwalimu amenyamaza.

SALMA: Nimenyamaza, sijakubali. Usiwadanganye watu.

MWINYI: Na mimi sikubali.

SALMA: Basi tukae hapo. Fungu la kwanza, "depend on"...

MWINYI: Maghribi hiyo, inaadhiniwa.

SALMA: Mafungu matatu nimeyaandika kwa kalamu mbili za rangi!

MWINYI: Wiki ijayo. Mimi nakwenda Mwembe Tayari kununua simsim. Ukitoka msikitini unipitie pale.

SALMA: Nitakupitia.

MWINYI: Na hiyo "up" umeiweka wapi?

SALMA: Zima maikrofoni, embe wewe.