Wimbo huu ni wa nani? Bendi ya kopi inapovutana juu ya nyimbo

REHEMA: Karibuni kwenye kipindi. Mimi ni Rehema, mwimbaji, na mwenzangu ni kaka Idi, mpiga besi. Leo tunazungumzia bendi za kopi, zile zinazopiga nyimbo za watu wengine, na ule mvutano wa kuchagua nyimbo. Mmoja anataka rumba, mwingine rege, wa tatu anataka vibao vinavyovuma sasa hivi, na onyesho liko karibu.

IDI: Kwenye bendi inayotunga nyimbo zake, mtunzi analeta wimbo na wengine wanatafuta sehemu zao humo. Sisi tunaopiga kopi tuna nyimbo za dunia nzima mbele yetu, na kila mmoja ana haki ya kusema "tupige ule". Ndiyo maana ugomvi hauishi.

REHEMA: Na mara nyingi unaanzia kwenye grupu la simu. Mtu anatuma wimbo usiku, mmoja anajibu "huo hapana", wengine kimya. Siku ya mazoezi watu wanafika wameshanuniana na hakuna aliyegusa chombo.

IDI: Mimi nasema wimbo usikataliwe kwa simu. Ukataliwe vyombo vikiwa vimewashwa, baada ya kuupiga mara mbili tatu. Kwa sababu, dada, mtu akisema "siupendi wimbo huu", mara nyingi wimbo wenyewe hauna kosa. Kuna kitu ndani yake kinachomtesa yeye kwenye chombo chake, na hajakitaja.

REHEMA: Kama nini?

IDI: Kwenye bendi ninayopiga tulikuwa na wimbo ulio kwenye ufunguo wa E, yaani E ndiyo noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Mpiga solo anaupenda sana, kwa sababu kwenye E nyuzi kadhaa za gitaa zinalia wazi, mkono hauhangaiki. Mpiga tarumbeta akawa anaukataa kila ukitajwa. Leo atasema umepitwa na wakati, kesho atasema hauchezeki. Sasa, tarumbeta ya kawaida ni ya B-flati, yaani mpigaji akisoma C inasikika B-flati, toni nzima chini. Ili ilingane na gitaa, mpigaji lazima asome toni nzima juu. Gitaa likiwa E, yeye yuko F-shapu. Ufunguo huo una shapu sita, yaani noti sita za kupandishwa nusu toni!

REHEMA: Sita, na wenzake hawajui hata kwa nini anakunja uso.

IDI: Hawajui. Na mwimbaji naye alikuwa anaifikia noti ya juu ya kiitikio kwa shida. Tukashusha nusu toni, tukaingia E-flati. Gitaa na besi tukalegeza nyuzi zote nusu toni, vidole vikabaki palepale tulipozoea. Tarumbeta ikahamia F, flati moja tu, yaani noti moja ya kushushwa nusu toni. Koo la mwimbaji likapata nafuu. Jioni ileile yule mpiga tarumbeta ndiye aliyesema, "Turudieni mwanzo."

REHEMA: Hapo umegusa kitu ninachokipigania kila siku. Wimbo unaweza kuchaguliwa na yeyote, lakini ufunguo ni wa mwimbaji. Gitaa linalegezwa nyuzi, kinanda kinahamishwa kwa kitufe. Koo halina kitufe. Na lile toleo mnalonisikilizisha lilirekodiwa studio, mtu aliweza kuimba mstari mmoja, akapumzika, akarudia. Mimi nitauimba huo wimbo baada ya nyimbo tisa. Kwa hiyo wimbo mgumu tusiujaribu mwanzoni mwa mazoezi, sauti ikiwa mbichi. Tuujaribu mwishoni. Nikiufikia nikiwa nimechoka, nitaufikia popote.

IDI: Wapiga ngoma nao wana lao. Wengi wanakataa nyimbo za taratibu, na wenzao wanadhani ni kupenda makeke. Lakini hesabu mwenyewe. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kati ya pigo na pigo kuna nusu sekunde. Wimbo wa mapigo 60, kuna sekunde nzima. Ndani ya sekunde hiyo mpiga ngoma yuko peke yake, akiwahi kidogo au akichelewa kidogo kila mtu anasikia. Kushika wimbo wa taratibu ni kazi nzito. Akisema "unachosha", muulize kama mwendo wake umemkaa.

REHEMA: Muulize kwa upole, si mbele ya bendi nzima.

IDI: Kabisa.

REHEMA: Haya, tuseme tumeshapita hapo. Funguo zimepangwa, mwendo umekaa, na bado watu watano wana nyimbo thelathini wanazozitaka. Mimi hapo napiga kura. Na sisemi kunyoosha mikono, maana mikono inafanya watatu wawashinde wawili kila siku, na hao wawili ni walewale. Nasema kila mtu apange nyimbo kwa pointi. Njia hii ni ya zamani, Mfaransa mmoja, Jean-Charles de Borda, aliipendekeza mwaka 1770 kwa ajili ya chaguzi. Wa kwanza kwenye orodha yako unapata pointi nyingi, unaofuata pungufu, hivyohivyo hadi chini. Mkijumlisha mnaona bendi inataka nini.

IDI: Mnaona bendi inavumilia nini. Hapo ndipo tunapoachana, dada Rehema. Chukua watu watano, kila wimbo upewe pointi hadi kumi. Wimbo ambao mmoja anaupa kumi na wanne wanaupa mbili mbili unapata 18. Wimbo ambao kila mtu anaupa tano, yaani haumkeri mtu na haumsisimui mtu, unapata 25. Umeshinda. Fanya hivyo mara kumi, una orodha nzima ya nyimbo za tano tano. Ukisimama mbele ya jukwaa unaiona bendi hiyo. Wanapiga vizuri, hakuna kosa, na hakuna anayetoa jasho la kupenda.

REHEMA: Lakini upande wa pili una mtu analazimisha wimbo ambao wanne hawautaki.

IDI: Ndiyo, na nautetea huo. Mimi nataka zamu. Angalia hesabu: awamu ya dakika 45, wimbo wa wastani dakika nne, na kuongea na watu kidogo katikati. Unapata nyimbo kumi. Watu watano, kila mmoja nyimbo mbili. Mbili hizo ni zake, hazipigiwi kura, na wenzake wanazipiga kwa moyo wote kama za kwao. Sharti ni moja, mwenye wimbo afanye kazi ya wimbo. Aje na mpangilio, kodi za gitaa na kinanda zimeandikwa, anajua unaanzaje na unaishaje, anajua besi inafanya nini kwenye ubeti wa pili. Wanaotupia nyimbo kumi kwenye simu, ukiwapa kazi hiyo wanabaki na mbili wanazozipenda kweli.

REHEMA: Hilo la kazi nalikubali mia kwa mia. Ila kuna jambo moja hutaliona kutoka nyuma huko kwenye besi. Nyimbo zote kumi, maneno yanatoka mdomoni mwangu. Wimbo ukimtukana mwanamke, au ukisema jambo ambalo siwezi kulisema mbele ya watu nikiwa nimewatazama machoni, zamu yako haitoshi kuniimbisha. Kwa hiyo ndani ya zamu zako nataka kura ya turufu. Kila mwanabendi awe nayo moja tu kwa orodha nzima, aitumie akitaka, na asidaiwe maelezo.

IDI: Moja?

REHEMA: Moja. Ikiwa moja, mtu anaitunza. Zikiwa nyingi tunarudi kwenye nyimbo za tano tano ulizozisema.

IDI: Sawa, hiyo naichukua. Na hadhira unaiweka wapi?

REHEMA: Naiweka kwenye mpangilio zaidi kuliko kwenye uchaguzi. Hadhira haijui mlikataa nini. Inajua tu kama umeanza vizuri na kama umeiacha ikining'inia. Ukiwa na wimbo mmoja usiojulikana, uweke kati ya nyimbo mbili ambazo watu wanaitikia wenyewe. Kinachoua ukumbi ni nyimbo tatu zisizojulikana kwa mfululizo, hata ziwe nzuri namna gani. Na nyimbo zinazokausha koo zikae mwisho. The Beatles, tarehe 11 Februari 1963, walirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza kwa siku moja mjini London. Katika nyimbo 14 za albamu hiyo, sita zilikuwa za watu wengine.

IDI: Kumbe hata wao, kopi sita.

REHEMA: Sita. Na mmoja kati ya hizo John Lennon anauimba kwa kupiga kelele mwanzo hadi mwisho. Wakauacha uwe wa mwisho siku hiyo, kwa sababu walijua akiumaliza sauti imekwisha, na siku hiyo tayari alikuwa na mafua. Mara ya kwanza waliyoupiga ndiyo iliyoingia kwenye albamu. Mimi hilo ndilo ninalowaambia wenzangu: sijaukataa wimbo wenu, nimekataa uwe wa tatu.

IDI: Ugomvi mwingi ungeishia hapo. Mtu anadhani wimbo wake umekataliwa, kumbe umekataliwa mahali ulipowekwa. Na wakati mwingine umekataliwa urefu. Rumba ndefu yenye sebene dakika nne, ukiiweka nzima unakula nafasi ya nyimbo mbili za wenzako. Hapo si lazima uiache. Enzi za santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mrefu uligawanywa, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Sikiliza walikata wapi, halafu nawe kata hapo. Au piga sebene peke yake, mwishoni mwa onyesho, watu wakiwa tayari wamesimama.

REHEMA: Wapenzi wa rumba watalalamika.

IDI: Watalalamika wakiwa wanacheza. Na bado nawapenda, maana mtu anayelalamikia ubeti uliokatwa ndiye aliyeusikiliza.

REHEMA: Turudi kwenye zamu zako. Wimbo umepigwa maonyesho matatu manne na kila mara ukumbi unakaa chini. Ni wa mpiga kinanda, anaupenda, amefanya kazi yote uliyosema. Unamwambiaje?

IDI: Kwanza namuuliza yeye ameona nini. Mara nyingi ameshaona. Halafu nasema nafasi ni yako, wimbo ndio tunaoubadilisha. Unatoka, yeye huyohuyo analeta mwingine. Kinachomuumiza mtu ni kutolewa wimbo wake na nafasi kwenda kwa yule anayepata kila siku.

REHEMA: Na akikataa kuubadilisha?

IDI: Unabaki mpaka orodha ipangwe upya. Nafasi tulimpa, hatuwezi kuinyang'anya kwa sababu ukumbi mmoja ulikuwa na usingizi. Lakini nitamwomba tuupandishe mwendo, au tuuanze na kiitikio badala ya ule utangulizi mrefu. Utangulizi umeshaua nyimbo nyingi zisizo na hatia.

REHEMA: Huo wa kuanza na kiitikio nimeujaribu, unafanya kazi hasa pale watu wanapokuwa wanaongea. Wanasikia kitu wanachokijua ndani ya sekunde tano, wanageuka. Mimi bado nitapiga kura yangu ya pointi, kaka Idi, ila nitaipiga kwa nyimbo za akiba, zile tatu nne za kuongeza watu wakitaka zaidi.

IDI: Kwa nyimbo za akiba, piga.

REHEMA: Basi tumekubaliana hilo. Kipindi kijacho tutazungumzia namna ya kuunganisha wimbo na wimbo bila ukimya katikati, na kaka Idi atakuja na besi yake.